Mlango wa Waziri wa Fedha na Ukarimu

Hii si habari ya zamani za kale, wala haikutokea mbali kiasi cha kuhitaji pasi ya kusafiria. Ilikuwapo, na kama haijahama ipo bado, nchi iitwayo Ibuka, ambayo kazi yake kubwa ni kuibuka. Iliibuka asubuhi redioni, ikaibuka jioni kwenye televisheni, na kila ulipofanyika mkutano wa mataifa iliwekewa kiti katika safu ya nchi zinazoibukia, pale karibu na jikoni. Ilianza kuibuka tangu babu zetu wana meno yao yote. Inaibuka kutoka wapi, hakuna aliyewahi kusema, na aliyeuliza aliombwa ashushe sauti asije akawashtua wawekezaji.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Mabanzini, aliishi mwanamke aitwaye Siwema Ngwali, mwenye miaka thelathini na ushei na sauti ya kurudisha teksi iliyokwisha kukata kona. Siwema alikuwa na jambo moja tu kichwani: mashine ya kusaga. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amekwisha kumwaga zege la msingi, na boliti nne zimechomoza zinaingoja mashine ije izikalie. Kila alipokwenda kuanika nguo alijikwaa kwenye boliti moja, akaitukana kwa mapenzi, akaendelea kuanika. Wanawake wa Mabanzini walikuwa wakisaga mahindi yao ng'ambo ya reli, kwa bwana mmoja aliyewapunja unga na kuwaita "vipenzi". Siwema aliapa kwamba mwaka ule ndio wa mwisho yeye kuitwa kipenzi na mtu mwenye unga kwenye nyusi.

Fedha ya mashine ilikuwa kwenye kikoba. Kila juma wanawake wa mtaa walitia walichonacho, na mwisho wa mwaka kikoba kilivunjwa, kila mtu akachukua chake na faida yake. Siwema ndiye alikuwa kijumbe, mwenye kukusanya na kutunza.

Vikoba viko kila mahali, na kila mahali kuna mtu aliyekusanya, akatunza, kisha akahamia mkoa wa pili na kubadili laini ya simu. Mabanzini hilo halikuwezekana, kwa sababu ya mlango. Ukiingia kwenye kikoba cha Mabanzini unang'oa mlango wa mbele wa nyumba yako, unaubeba kichwani mchana kweupe, unaupeleka uani kwa kijumbe. Kwenye fremu unatundika pazia. Mlango unarudi siku ya kuvunja kikoba, kwa vigelegele, pamoja na fedha yako. Mtu asiye na mlango hasafiri ghafla, hatoroki, na husalimiana vizuri na majirani. Mlango wa kijumbe mwenyewe ulilazwa chini kabisa, milango ya wengine juu yake, asije akaupata kirahisi.

Basi Mabanzini nyumba yenye pazia ilikuwa nyumba ya heshima. Nyumba yenye mlango ilitiliwa shaka.

Na aliyechomoa fedha yake kabla ya siku? Mlango wake ulipasuliwa kuni, ukapikiwa pilau njia panda, mtaa mzima ukala, na hakuna fundi aliyemtengenezea mwingine. Siwema aliwahi kuona mlango mmoja tu ukipikiwa pilau, wa fundi saa aliyeitwa Mzingo. Pilau ilikuwa nzuri sana. Mzingo mpaka leo analala na mbuzi wa jirani, na inasemekana mbuzi ndio wanaolalamika.

*

Mwaka huo Ibuka ilipata mgeni.

Mgeni mwenyewe hakuwa mtu. Alikuwa Mtaji wa Nje. Alitua kwa ndege, ndani ya masanduku ya ngozi, na Waziri wa Fedha na Ukarimu, Mheshimiwa Dakta Leopodi Kisongo, alikwenda kumpokea na bendi ya polisi. Watoto wa shule walisimamishwa juani wapungie masanduku mikono. Sanduku kubwa lilivishwa shada la maua.

Siwema na wenzake walitazama kwenye televisheni ya muuza chipsi.

"Ule mzigo mbona hautoki uwanja wa ndege?" aliuliza Siwema.

Ni kweli haukutoka. Waziri alieleza, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale, kwamba Mtaji ni kiumbe mwoga. Hapendi barabara mbovu, hapendi kelele, hapendi kuulizwa anakaa mpaka lini. Kwa hiyo Serikali Sikivu imemjengea chumba chenye ubaridi palepale kwenye ukumbi wa abiria wanaoondoka, masanduku yameelekezwa upande wa ndege, na kila mwezi atalipwa riba nono kwa usumbufu wa kukaa kitini.

"Sasa atafanya nini hapa nchini?" mwandishi mmoja aliuliza.

"Ataaminika," alijibu Waziri. Mwandishi huyo kesho yake alihamishiwa habari za hali ya hewa.

"Shoga, mgeni gani anakaa na viatu miguuni na mkoba begani?" alisema Bi. Mwanakheri, mama wa makamo ambaye mlango wake ndio uliokuwa mzito kuliko yote uani, na ulimi wake vilevile. "Huyo kaja kutumia choo."

Lakini sifa zilienea. Kwa kuwa masanduku yalionekana kwenye runinga, mabenki yalikopesha kwa kuyatazama. Majengo marefu yalianzwa kwa kuyatazama. Mpwa wa Waziri aliagiza magari ya kifahari kwa kuyatazama. Ndururu, fedha ya Ibuka, ilinenepa ghafla hata viazi vya nje vikawa rahisi kuliko vya shambani, na wakulima wa viazi wakashauriwa nao wajaribu kuibuka.

*

Kisha akaja Bwana Torvald.

Bwana Torvald alitoka Shirika la Kupima Uaminifu wa Nchi, mtu mrefu, mwekundu, aliyejua neno moja la Kiswahili, "safi". Kila aliposema "safi" nchi ilipanda daraja moja. Alipokuna kidevu ilishuka. Wizara iliajiri kijana wa kumfukuzia mbu Bwana Torvald asije akajikuna kwa sababu zisizo za kiuchumi.

Bwana Torvald aliuliza swali moja tu: Mgeni akiondoka ghafla, mtamlipa kwa kitu gani?

Baraza la Mawaziri lilikaa. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba mgeni huondoka. Mawaziri waligawana maji ya chupa, wakagawana posho ya kikao, na mwisho Dakta Kisongo akatoka na mpango aliouita Mto wa Taifa. Fedha zote za wananchi zilizolala ovyo kwenye vikoba, vibubu na mikunjo ya khanga zingekusanywa na kufanywa mto laini, mgeni akianguka aangukie hapo asiumie.

"Na sisi tukianguka?" aliuliza mzee mmoja kwenye mkutano wa hadhara.

"Nyinyi mmezoea," alijibu Waziri kwa upole, na watu wakapiga makofi, maana aliwatazama kama mtu anayewasifu.

Alipofika Mabanzini alikuja na Bwana Torvald, kamera tatu, na lori la polisi ambalo halikutambulishwa. Siwema alilitazama lile lori. Alielewa mara moja kwamba kikoba kitakwenda, kwa hiari au kwa virungu, na mashine yake ya kusaga itakwenda nacho. Moyo ulimwaka kama kapigwa pilipili. Lakini Siwema hakuwa mwanamke wa kutoka mikono mitupu hata kwenye kuporwa. Alisimama mlangoni kwake, yaani paziani kwake, akajifunga khanga kiunoni.

"Karibu, Mheshimiwa. Kikoba kipo. Ila hapa kwetu fedha haiendi kwa mtu ambaye mlango wake uko kwake."

Waziri alicheka kicheko cha kwenye mabango. "Dada yangu, serikali haina mlango. Serikali ni ya watu wote."

"Basi lete wa kwako. Au wewe si mtu?"

"Labda kapanga," alidakia Bi. Mwanakheri. "Usimwonee, Siwema. Mpangaji tumkubalie dirisha."

Wanawake walicheka mpaka polisi mmoja kwenye lori akainamisha kofia. Bwana Torvald alinyoosha kidole kwenye rundo la milango uani, akauliza kwa lugha yake ni kitu gani kile. Dakta Kisongo hakuwa amewahi kusikia habari za milango ile mpaka dakika ileile. Hata hivyo, yeye hakuwa mtu wa kushindwa kueleza jambo kwa sababu ndogo kama hiyo. Alijibu kwa kirefu, mikono ikipaa, na kijana wa mbu akawatafsiria wenyeji: Mheshimiwa anasema huu ni Mfumo wa Asili wa Kudhibiti Hatari za Fedha Kuingia na Kutoka, uliobuniwa na wizara yake baada ya utafiti wa miaka mingi, na kwamba nchi nzima sasa inaufuata.

"Safi," alisema Bwana Torvald.

Neno likishatoka halirudi. Jioni hiyohiyo mlango wa Waziri uling'olewa mbele ya kamera kutoka kwenye nyumba yake ya Kilima cha Utulivu, na kesho yake Bunge likapitisha Sheria ya Milango kwa makofi, bila kupoteza muda kwa kuisoma. Waziri aliiandika mwenyewe, na alikuwa mtu apendaye sentensi ndefu. Ilisema kwamba yeyote atakayechomoa fedha Mtoni kabla ya siku ya kuvunja, awe raia au awe kiongozi, awe amelala au awe macho, mlango wake utakuwa mali ya kijumbe aliyeupokea, wala hatapewa mlango mwingine na fundi, duka, wala bandari yoyote ya Ibuka, hadi kaburini, ambako milango haihitajiki. Kifungu kidogo mwishoni kiliwasamehe wageni, kwa kuwa wageni hawana milango hapa na pia wana haya.

Siwema alikabidhi kikoba. Akapokea mlango.

*

Ulikuwa mlango wa ajabu. Ulitengenezwa ng'ambo kwa chuma kinachong'aa, mpana kama kitanda cha watu watatu, na ulibebwa na wanaume wanane wakipokezana. Haukuwa na ufunguo. Ulikuwa na jicho dogo la kioo lililomtambua mwenyewe, na kila lilipouona uso wake ulisema kwa sauti ya kike, laini, ya kulipwa vizuri: "Karibu nyumbani, Mheshimiwa."

Ulipotuliwa uani, Waziri alikuja kuuaga kwa ajili ya picha. "Karibu nyumbani, Mheshimiwa," ulisema mlango, katikati ya kuku wa Siwema.

"Tena unajua adabu kuliko mwenyewe," alisema Bi. Mwanakheri.

Waziri hakujali. Aliagiza pazia la hariri, akasimamisha askari wawili, akajua kwamba siku mbili tatu mambo yatatulia na mlango utarudishwa kimyakimya. Siwema naye aliulaza mlango chini kabisa ya rundo, kwenye nafasi ya mlango wake mwenyewe.

Usiku alijikwaa kwenye boliti. Safari hii hakuitukana.

*

Yaliyofuata yalianzia mbali, kama kawaida ya mambo yanayotuumiza. Katika nchi moja tajiri, mkuu wa benki yao alipandisha riba kidogo, kiasi cha ukucha. Mwenyewe hakujua hata Ibuka iko upande gani wa ramani. Lakini Mtaji, pale kitini uwanja wa ndege, aligeuza kichwa.

Kwa kuwa matangazo yalikuwa ya moja kwa moja, nchi nzima iliona. Mawakili wa masanduku walisimama, wakatikisa makombo kwenye suti zao, wakaomba walipwe chao waondoke. Waziri alikimbia na bendi ya polisi. Akaongeza riba. Wakatazama saa. Akaimbisha watoto wa shule. Wakatazama saa. Basi Waziri akatangaza kwa fahari kwamba Ibuka haimkwamishi mgeni, na kwamba ndururu zao zitabadilishwa kwa fedha za kigeni kwa bei ileile nzuri ya siku waliyokuja, hata kama sokoni ndururu imekwisha kuanguka kifudifudi. Tofauti italipwa na Mto wa Taifa.

Siwema alikuwa kwa muuza chipsi, ameshika kijiti kinywani. Aliuona Mto ukimwagwa, gunia baada ya gunia, vikoba vya nchi nzima. Katika moja ya magunia aliliona fundo la khanga ya Bi. Mwanakheri, nyekundu yenye korosho nyeupe, likifunguliwa na karani na kutupwa chini.

"Khanga yangu hiyo," alisema Bi. Mwanakheri. Hakusema lingine, na hilo peke yake lilimtisha kila mtu pale.

Kisha kamera ikasogea kwenye masanduku yanayopanda ndege, na hapo ndipo nchi ilipoona kibandiko kwenye sanduku moja jekundu. Kiliandikwa KISONGO L., FAMILIA. Ilikuwa hivi, na narudia nilivyosikia bila kuongeza chumvi: sehemu ya mgeni yule ilikuwa mwenyeji. Waziri alikuwa amezipeleka fedha zake nje miaka ya nyuma zikapate hewa, zikarudi zimebadili jina na kujifunza lafudhi, zikapungiwa mikono na watoto wa shule, zikalipwa riba kwa usumbufu wa kukaa kitini. Sasa nazo zilikuwa zimechomoa kutoka Mtoni, kwa bei nzuri ya zamani, zinaondoka na wenzao.

Haya, ndege ikalemewa. Rubani akasema sanduku moja lishuke. Mawakili wakatazamana, kisha wote wakamtazama Waziri, maana ni yeye aliyesema mara nyingi, kwenye kila hotuba, kwamba mwenyeji wa Ibuka humpisha mgeni. Sanduku jekundu likashuka. Ndege ikapaa. Mafuta ya kuleta nyingine yalihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa zimekaa dirishani zinatazama mawingu.

Jioni Waziri alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi, hatari imedhibitiwa. Haipo tena kwa wageni wala kwa serikali. Tumeigawa sawasawa kwenu nyote, kila mtu na yake. Faida itaendelea kutunzwa na wachache wenye uzoefu nayo."

Kesho yake mkate uliuzwa kwa bei ya kuku, na kuku hakuuzwa kabisa. Muuza mashine za kusaga alimpigia Siwema simu kumpa pole, akamwambia mashine yake sasa imefikia bei ya mashine kumi.

Siwema alikata simu. Akaenda uani, akaanza kuondoa milango, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika chini.

"Mwanakheri!" aliita kwa ile sauti yake ya teksi. "Kachomoa kabla ya siku. Njooni tupike."

*

Shida ilikuwa moja. Chuma hakipasuki kuni.

Walikipiga shoka, shoka likakunjika. Wanawake walikaa chini wakakitazama. Na hapo Siwema, ambaye hasira ilikuwa imemchemka mpaka ikatulia kama mafuta kabla ya kuungua, akakikagua vizuri: kipana, kinene, laini, kinang'aa.

"Kwani lazima kiungue?" alisema. "Si kinashika moto."

Wakaubeba mlango, wanawake wote wa Mabanzini, wakipanda nao Kilima cha Utulivu kwa nyimbo ambazo haziandikiki. Wakautua ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya Waziri, juu ya mawe saba makubwa. Wakawasha moto chini. Ukapata joto, wakaupaka mafuta, wakaanza kuchoma chapati ishirini kwa mpigo.

Nyumba ya Waziri ilikuwa wazi kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Pazia la hariri lilikuwa limekwenda na askari wawili, ambao mishahara yao ilikuwa ndani ya Mto. Waliulizwa na Waziri wanakwenda wapi. "Mheshimiwa," alisema mmoja, "tumeogopa kidogo, tumeamua kuondoka ghafla. Wewe unatuelewa." Sasa walikuwa kwenye foleni ya chapati.

Waziri aliita mafundi. Mafundi wakamsomea sheria yake, mpaka mwisho, pamoja na kifungu cha kaburini. Akapiga simu bandarini. Bandari ikamsomea. Akatafuta ubao wa kuziba, na duka la mbao likauliza kwa heshima kama ubao unaozibia fremu ya mlango si mlango. Likamwomba alete tafsiri ya mwanasheria mkuu, ambaye naye alikuwa nyuma ya maaskari kwenye foleni.

Basi akaweka kiti kwenye fremu, akakaa mwenyewe. Nyuma yake, sebuleni, sanduku jekundu lilionekana kutoka barabarani vizuri kabisa.

Hakuna aliyeiba. Hilo liandikwe. Watu wa Ibuka walikuja kutoka kila mtaa, wakanunua chapati, wakasimama wakila na kutazama ndani. Walisifia makochi. Waliuliza ile picha ya ukutani ni ya nani. Mama mmoja alimwambia Waziri kwamba kapeti lake halijakung'utwa. Waziri akisinzia, mtu alikohoa kwa upole, akazinduka akilikimbilia sanduku. Hakuweza kulala, hakuweza kwenda kuoga, hakuweza kwenda ofisini kuongoza uchumi, na huo mwezi wote uchumi ukapata nafuu kidogo.

Kutoka alipokaa aliuona mlango wake ukitoa moshi. Siwema alihakikisha lile jicho la kioo linaelekea upande wa pili. Kwa hilo alikuwa na subira.

*

Mwisho Waziri alivuka barabara. Alivuka kinyumenyume, macho yasibanduke kwenye sanduku, mpaka akagonga meza ya unga.

"Dada Siwema. Tuzungumze kama watu wazima."

"Zungumza, Mheshimiwa. Chapati ngapi?"

"Nataka mlango wangu."

"Nami nataka kikoba changu. Kwa bei ya siku nilipokupa, ileile uliyompa mgeni. Au bei nzuri ni ya wenye viatu tu?"

Dakta Kisongo alilitupia jicho sanduku. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. "Nikikupa, utanirudishia?"

"Nipe kwanza. Hapa kwetu hatubishani juu ya fedha ambayo haijaonekana."

Akaenda, akarudi na fedha za kigeni, akamhesabia kikoba cha Mabanzini mpaka noti ya mwisho. Siwema alimpa Bi. Mwanakheri, aliyezifunga kwenye khanga mpya na kulisukuma fundo kifuani, mahali ambapo hata Bunge lisingepitisha sheria.

"Sasa mlango."

"Ngoja, kuna wenzangu," alisema Siwema, akanyoosha mwiko.

Waziri aligeuka. Foleni ile haikuwa ya chapati tu. Nyuma ya maaskari na mwanasheria mkuu walisimama vijumbe wa Ibuka nzima, wanawake na wanaume, foleni imeshuka kilima imekata kona, kila mmoja kashika mfuko mtupu. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanatazama ndani ya nyumba, kwa utulivu, kama watu wanaopima.

Alilipa. Alilipa siku nzima, akienda na kurudi, jasho likimtiririka, na kila aliyelipwa alimwambia ahsante na kumsifia makochi. Sanduku jekundu lilipobaki tupu, akaligeuza likatoa kipini cha nywele na tiketi ya kuondoka. Akarudi kwa Siwema akiyumba.

"Nimemaliza. Nipe mlango wangu nikafunge nyumba nilale."

Siwema aliifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa ameingoja siku hii tangu fundo lile lilipoanguka sakafuni, na hakutaka kuiharakisha.

"Ukafunge nini, Mheshimiwa?" alisema. "Ndani hamna kitu."

Bi. Mwanakheri alicheka mpaka akashika goti. Kutoka Mabanzini, chini ya kilima, ukasikika mngurumo. Muuza mashine, aliyepelekewa fungu la Siwema mara tu kikoba kilipolipwa, alipoona noti za kigeni alileta mzigo palepale, na mafundi walikuwa wameukalisha kwenye boliti nne. Sasa walikuwa wanaujaribu. Siwema alisikiliza mpaka ukakaa sawa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Harufu ya chapati ikampanda Waziri puani. Tumbo lake likaunguruma kuliko mashine.

"Basi niuzie moja."

"Mia tano."

"Yule aliyetoka sasa hivi umemuuzia mia!"

"Ile ilikuwa asubuhi, Mheshimiwa. Bei inaelea. Sasa ni mia saba. Ukiendelea kunishangaa unaishtua."

Alijipapasa mifukoni, akakuta ndururu za kutosha, zile zake mwenyewe zenye sahihi yake pembeni. Akaziweka mezani. Siwema alishika ncha ya mlango kwa kitambaa, akamwita Mwanakheri ashike ya pili, wakaugeuza polepole juu ya mawe mpaka lile jicho la kioo, lililofunikwa na unga na masizi, likamtazama mwenyewe.

Likapepesa.

"Karibu nyumbani, Mheshimiwa," ulisema mlango, kwa sauti yake laini, na chapati yake ikaanza kuungua upande mmoja.

Siwema akaigeuza, akaikunja, akamtupia kiganjani.

"Sogea, baba. Watu wana njaa nyuma yako."